Kwa mnaoanza kusimamia darubini usiku wa watazamaji

Jana tena nimeona tochi nyeupe imewashwa katikati ya foleni, eti mtu anatafuta lenzi iliyoanguka. Wanangu, nimechoka kusema kwa mdomo. Someni.

1. Macho yanahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mmuliko mmoja unawarudisha wote mwanzo. Tochi iwe nyekundu, hafifu, imeelekezwa chini. Simu nayo ni tochi.

2. Kidarubini cha kutafutia kipangeni kungali mchana, kwa kulenga mnara wa mbali. Jua mkae nalo mbali kabisa.

3. Kioo kitolewe nje mapema kipoe. Ukikitoa garini na papo hapo kutafuta pete za Zohali, usije kwangu kulalamika kwamba picha inatetemeka.

4. Lenzi ya nguvu ndogo kwanza. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa na Dobsoni, darubini ya kusukumwa kwa mkono, isiyo na mota, nikachomeka lenzi ya milimita 6, ukuzaji mara 200, nikajiona fundi. Hesabu mnaijua: uwanja wa kuonea unabaki kama robo digrii, anga linasogea digrii 15 kwa saa, kwa hiyo ndani ya dakika moja hivi sayari imeshatoka. Nami niliijua. Lakini nilikuwa nimenogewa na hotuba ya Zohali: Galileo mwaka 1610 kadhani anaona vitu vitatu vilivyokaribiana, Huygens kaja kutegua kitendawili mwaka 1659 kwamba ni pete, na kadhalika. Foleni inasonga, mtu anainama, anasema "Loo, nzuri sana!", anapisha mwingine. Nikazidi kuvimba kichwa. Mpaka bibi mmoja akachungulia kwa muda mrefu, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, kwani hizo pete ni nyeusi?"

Nikainama kutazama. Giza tupu, wala sijui tangu saa ngapi. Wote wale walikuwa wamelisifu kwa adabu zao tu, wasiniaibishe, na wengi walikwisha ondoka. Huenda mpaka leo wanasimulia walivyoiona Zohali.

Tangu siku hiyo simwulizi mtu "umeiona?", kwa sababu jibu ni ndiyo daima. Namwuliza pete zimelala upande gani. Na kila baada ya watu wawili nachungulia mwenyewe, hata kama hadithi imefika patamu.

5. Mgeni akishika lenzi na kuvuruga shabaha, kosa ni lako. Weka kiti pembeni ashike mgongo wa kiti. Watoto wapewe kistuli.

6. Galaksi na nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani): mwambie mgeni kabla hajainama kwamba ataona ukungu wa kijivu, si rangi za kwenye picha, na atazame pembeni kidogo ya kitu chenyewe. Kisha ndipo umwambie nuru ya galaksi ya Andromeda imesafiri kama miaka milioni 2.5 kumfikia. Mkianza na hiyo milioni, anainama akitarajia maajabu, anainuka anawaona matapeli. Na Mwezi ukiwa mpevu msiahidi galaksi yoyote. Hilo nalo nililisikia jana.

7. Leza ya kijani ya kuonyeshea nyota: ndege ikitokea, zima. Hili sina kisa chake, na sikitaki.