Arobaini ya mama, baba mdogo hataki tuseme habari za baruti

Marahaba mwanangu wa Mikindani, na pole sana kwa msiba.

Umeniandikia kwamba mama alikua nesi miaka mingi, akitoka zamu anasuka mikeka, anachora majani ya mikoko nyuma ya kalenda za zamani, alafu alikua anaipigia kelele baruti ya kuvulia samaki baharini mpaka wavuvi wengine wakaacha kumsalimia. Saivi arobaini inakaribia, wewe ndo umepewa kusoma wasifu na baba mdogo anasema taja unesi tu, hayo mengine yataharibu shughuli.

Baba mdogo hajakosea kote. Arobaini ni ya kisomo na dua, sio ya kusutana, ukishika maiki ukaanza fulani alimtukana mama hata pilau halitashuka. Ila ukisema tu "alikua nesi mpole" basi umesema nesi yeyote yule, maana hata yule wa dirishani aliekufokea juzi siku akifa ataitwa mpole.

Kwenye barua kuna kipande umekipita mbio na mie nimekirudia mara tatu, ule usiku kijana kaletwa zahanati kiganja kimeondoka na baruti, mama akamsafisha akamfunga bendeji akakaa nae mpaka gari likaja, na asubuhi akashuka dikoni, pale vyombo vya wavuvi vinapofikia, na gauni la kazi lina damu, akawauliza wazee nani kamuuzia mtoto huyu. Sasa hapo unesi na harakati utavitenganishaje? Na sheria hakuitunga yeye, uvuvi wa baruti umepigwa marufuku Tanzania tangu 1970, alichokua anauliza ni kwamba ukishavunja matumbawe na kuua mpaka samaki wachanga, mwakani ndoana unamtupia nani.

Hicho kisa kisimulie. Ila jina la kijana usitaje, siri ya mgonjwa haiishi kwa sababu nesi kafa. Kama bado yupo mtaani mfuate kabla ya siku, umuulize, akitaka kusema mwenyewe mpe maiki wewe ukae.

Kalenda usichome, nani kakwambia zichomwe? Zibandike ukumbini. Wasomaji wakalie mikeka yake, na ule alioacha nusu utandike hivohivo ukili ukining'inia, usiumalizie.

Kupanda mikoko sio siku ile, watu wamevaa kanzu. Subiri bamvua, zile siku bahari inajaa na kupwa sana, maji yakupwe, muokote zile mbegu za mkoko ndefundefu kama bamia kubwa, zile zinachipua zikiwa bado zinaning'inia kwa mama yao kwa iyo hazitaki kitalu wala nini, unachomeka kwenye tope ncha chini basi. Mwambie na baba mdogo aje. Ila ndala muache nyumbani, tope la huko linameza.