Hadubini ya Kwanza ya Mtoto: Mnauliza, Tunajibu

Maswali ya safari hii yote yanahusu hadubini za watoto. Marefu tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Binti yangu ana miaka 9, kila mdudu lazima amchunguze. Dukani nimekuta hadubini ya plastiki inayokuza mara 1200, na ya chuma inayokuza mara 400 tu, tena kwa bei kubwa zaidi. Mbona yenye uwezo mdogo ndiyo ghali? (Mzazi, Morogoro)

Kwa sababu hiyo ya 400 ndiyo inayoonyesha kitu. Ukuzaji ni hesabu ya kuzidisha tu: lenzi ya juu unayochungulia, ambayo kwa kawaida ni ya 10, mara lenzi ya chini iliyo karibu na sampuli, yaani ya 4, ya 10 au ya 40. Ndipo unapata 40, 100 na 400. Namba hiyo kiwanda chochote kinaweza kuiongeza kwa kubadilisha lenzi ya juu. Undani wa picha hauongezeki kwa njia hiyo, maana undani unatoka kwenye lenzi ya chini na uwezo wake wa kukusanya mwanga.

Uwezo huo huandikwa ubavuni mwa lenzi. Kwenye lenzi nzuri ya 40 utasoma 40/0.65, na chini yake 160/0.17. Hiyo 0.65 ndiyo ya kutazama: izidishe kwa 1000 upate 650, na huo ndio ukomo wa ukuzaji wenye maana kwa lenzi hiyo. Ukivuka hapo, picha inakuwa kubwa lakini haina jipya, kama picha ya simu unayoivuta kwa vidole mpaka inageuka ukungu. Namba 160 ni urefu wa mrija wa hadubini kwa milimita, na 0.17 ni unene, nao kwa milimita, wa kioo kifuniko kinachotakiwa, yaani kile kioo chembamba cha kufunikia sampuli. Lenzi isiyo na maandishi haya, yenye pete ya rangi tu, iache dukani.

Omba hadubini itolewe kwenye boksi uijaribu. Weka kipande cha gazeti, anza na lenzi ya 4, rekebisha mpaka herufi moja ionekane wazi, kisha zungusha uende lenzi ya 10. Herufi inatakiwa ibaki karibu na katikati, na iwe wazi kwa kugusa gurudumu dogo tu. Ikipotea kabisa, lenzi hazikupangwa vizuri. Halafu pandisha jukwaa, yaani lile bamba la kuwekea sampuli, liachie na uhesabu hadi 60. Likishuka lenyewe usinunue. Mtoto atakuwa anapoteza picha kila dakika asijue kwa nini. Chini ya jukwaa tafuta sahani yenye matundu ya ukubwa tofauti, au kimkono cha kupunguza mwanga. Bila kifaa hicho, seli zisizo na rangi humezwa na mwanga usizione.

Taa ya LED ya kuchaji inafaa zaidi kwetu, umeme ukikatika kazi inaendelea. Yenye kioo cha kurudisha mwanga nayo ni nzuri ukikaa dirishani mchana, ila kioo kisielekezwe kwenye jua lenyewe hata mara moja: lenzi zitalikusanya jua hilo na kulipeleka jichoni mwa mtoto. Muuzaji akikusifia lenzi ya nyongeza ya 100, jua kwamba hiyo haifanyi kazi bila mafuta yake maalumu. Ifungue uihifadhi.

Lakini mama, umesema binti anapenda wadudu. Mdudu mzima hapitishi mwanga, kwa hiyo chini ya hadubini ya namna hii, inayoangaza kutoka chini, panzi ataonekana kama kivuli cheusi. Kwa mtoto wa wadudu, mawe, maua na vitambaa, bora hadubini ya macho mawili, ile inayokuza mara 20 au 40 na kuangaza kutoka juu. Picha yake haipinduki, na kati ya lenzi na meza kuna nafasi ya kuingiza mikono na kibano. Kama fedha ni ya moja tu, sisi kwa binti huyu tungechagua hiyo.

Shikamoo. Nina miaka 11, mjomba ameniletea hadubini. Nikitazama kitunguu naona miduara yenye ukingo mweusi mnene. Ndizo seli? (Tanga)

Marahaba mwanangu. Hapana, hayo ni mapovu ya hewa, na yanawadanganya wengi. Seli za kitunguu si miduara. Ni vyumba virefu vilivyopangwa kama matofali ya ukutani, na kuta zake ni nyembamba. Fanya hivi.

Kata kitunguu maji vipande vinne, toa tabaka moja nene. Livunje kwa mikono, usilikate. Upande wa ndani, uliobonyea, utaona ngozi laini kama nailoni imening'inia pale palipovunjika. Ivute taratibu kwa kibano. Chukua kipande kisichozidi nusu sentimita kila upande. Tone la maji litangulie kwenye slaidi, yaani kile kipande kirefu cha kioo cha kuwekea sampuli, ndipo ulaze ngozi juu yake bila kujikunja. Ongeza tone moja la ayodini ya kusafishia vidonda, iliyopunguzwa kwa matone matano ya maji, na usubiri dakika mbili. Ayodini inachafua nguo, mwambie mkubwa akusaidie.

Sasa kioo kifuniko, na hapa ndipo hewa inapoingilia. Usikidondoshe bapa. Simamisha ukingo wake mmoja ndani ya maji, kikiwa kimeinama, kisha kilaze polepole ukikizuia kwa ncha ya sindano. Utaona maji yanatambaa chini ya kioo na kuisukuma hewa nje mbele yake. Yakizidi, yanyonye kwa pembe ya tishu.

Anza na lenzi ya 4 kila mara. Tazama kwa ubavuni huku unapandisha jukwaa mpaka kioo kikaribie lenzi bila kugusa, halafu ndipo uchungulie, ukizungusha gurudumu kubwa kushusha jukwaa mpaka picha itokee. Ukifanya kinyume, yaani kupandisha huku unachungulia, utavunja kioo siku moja. Punguza mwanga mpaka kuta za seli zijitokeze. Acha macho yote mawili wazi, la pili litazoea. Ukisukuma slaidi kulia, picha itaenda kushoto. Ndivyo ilivyo, haijaharibika. Kwa lenzi ya 10 utaona ndani ya kila chumba kidoa cha rangi ya kahawia: hicho ni kiini cha seli.

Na uzipime. Laza rula ya plastiki angavu kwenye jukwaa, uhesabu ni milimita ngapi zinaonekana kwa lenzi ya 4. Zikiwa 4.5, basi lenzi ya 10 inaonyesha upana wa milimita 1.8, na ya 40 ni 0.45. Seli sita zikijipanga kwa urefu ukingo hadi ukingo kwa lenzi ya 10, kila moja ina urefu wa milimita 0.3. Andika hesabu hiyo pembeni ya mchoro wako.

Tunaishi karibu na ziwa. Kijana wangu anataka kuchota maji aone vijidudu, nami naogopa kichocho. (Baba, Mwanza)

Hofu yako ni ya haki. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, huogelea na kupenya ngozi isiyo na jeraha lolote. Kutumbukiza mkono tu kunatosha. Mtoto asiingie majini wala asichote mwenyewe ufukweni kwenye majani. Mkubwa achote kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo ndefu, amevaa glavu za mpira, na kusiwe na konokono hata mmoja mdogo ndani ya chupa. Chupa ifunikwe na iachwe siku mbili kamili kabla ya kuguswa: vimelea hivyo, vikikosa mtu wa kumwingia, huwa vimekufa. Hata hivyo mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi.

Na kusema kweli, ziwa halihitajiki. Chemsha nusu lita ya maji, yapoe, tia konzi ya majani makavu ya porini na kijiko cha udongo wa bustani, funika kwa kitambaa, weka kivulini. Siku ya nne hadi ya saba yatanuka na kuwa na utando juu. Tone kutoka karibu na utando huo huwa limejaa viumbe wa seli moja. Ukibahatika utamwona paramesia, ana umbo la soli ya kiatu na urefu wa takriban milimita 0.2, anapita mbio na kutoweka. Mpunguze kasi kwa nyuzi chache za pamba ndani ya tone kabla ya kufunika. Atazunguka humo kama samaki kwenye nyavu.

Viluwiluwi vya mbu navyo ni hazina. Wa kyuleksi ananing'inia kichwa chini, mrija wake wa kupumulia ukigusa uso wa maji. Wa anofelesi, anayeeneza malaria, hana mrija, analala sambamba na uso wa maji. Kwa lenzi ya 4 utaona chakula kikisukumwa tumboni. Mkimaliza, maji yamwagwe juu ya udongo mkavu siku hiyohiyo, msifuge mbu.

Wanafunzi wangu wanaona vizuri kwa lenzi ya 4 na ya 10, lakini ya 40 haileti picha kabisa. Lenzi imekufa? (Mwalimu, Kisumu)

Mara nyingi ni mzima, mwalimu. Kagua kwanza kama slaidi imepinduliwa, kioo kifuniko kikiwa chini. Lenzi ya 40 inafanya kazi ikiwa karibu mno na sampuli, umbali wa kama nusu milimita tu, na slaidi yenyewe ina unene wa milimita moja, kwa hiyo haiwezi kufika. Sababu ya pili ni maji mengi chini ya kifuniko. Ya tatu ni ayodini iliyokauka kwenye uso wa lenzi: picha inatokea, ila kama kupitia maziwa.

Lenzi zangu zimeota kitu kama utando wa buibui. (Unguja)

Hiyo ni kuvu, na unyevu wa pwani ndio unaoilea. Ikiwa juu ya uso wa lenzi, ondoa vumbi kwa mpira wa kupulizia, kisha pangusa kwa karatasi ya lenzi iliyoloweshwa kidogo sana kwa spiriti, ukianzia katikati kwenda nje. Usitumie kanga wala shati, vumbi lililomo hukwaruza. Usiitumbukize lenzi kwenye spiriti, gundi inayoshika vioo vyake italegea. Kuvu ikiwa ndani, mpelekee fundi; ikikaa muda mrefu hula hata kioo. Baada ya hapo hifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba. Vibadilishe vikilowa.

Mjukuu wangu ana miaka 5. Nimnunulie? (Bibi, Lamu)

Bado, bibi. Jicho la mtoto wa miaka 5 halitulii kwenye tundu dogo, atachoka na kuichukia. Mpe kioo cha mkononi cha kukuza mara 5 hadi 10, akitumie shambani na ufukweni. Kikivunjika, si msiba.

Hadubini ya kuchomeka kwenye simu imeandikwa mara 1600. Ni kweli? (Nairobi)

Ipime mwenyewe. Weka rula chini yake. Zikionekana milimita 3 kwenye skrini yenye upana wa sentimita 15, umekuza mara 50. Kwa wadudu, ngozi na vitambaa inafaa sana, na watoto wanne wanaweza kutazama pamoja. Seli usiitarajie ikuonyeshe vizuri.

Anayetaka kuona seli kwa fedha kidogo atafute Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford. Inakuza mara 140, na inaingia mfukoni.

Jikoni kuna nini cha kutazama zaidi ya kitunguu? (wengi)

Wanga! Kata kiazi mviringo, kikwangue kwa ncha ya kisu, na ule utomvu mweupe uuchanganye na tone la maji kwenye slaidi. Kwa mara 100 utaona punje za umbo la yai, na kwa mara 400, ukipunguza mwanga, kila punje ina mistari ya mviringo kama gamba la chaza. Fanya vivyo hivyo kwa muhogo mbichi: punje ni ndogo zaidi, za duara, nyingi zimekatika upande mmoja kama kengele. Za mchele ni vitu vidogo mno vyenye pembepembe. Mtoto akizichora zote tatu kwenye karatasi moja, wiki ijayo unaweza kumpa unga bila kumwambia ni wa nini, akautambua.

Kisha tia ayodini, lakini si kwa kuimwaga juu, kwani punje zote zitakuwa nyeusi na mistari itapotea. Weka tone dogo lililopunguzwa maji kwenye ukingo mmoja wa kioo kifuniko, na kwenye ukingo wa pili gusisha tishu inyonye. Mtoto awe anachungulia wakati huo. Ataona rangi ikiingia kutoka upande mmoja, punje moja baada ya nyingine ikigeuka samawati, halafu zambarau nzito. Rudia kwa ndizi mbichi, na siku tano baadaye kwa ndizi ya mkungu uleule ikiwa imeiva: ahesabu punje zilizobaki.