Maswali ya Wasomaji: Rubani na Mnara Wasipoelewana

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Hivi karibuni nilipanda ndege kutoka Nairobi kuja Malindi. Tulipokuwa tunakaribia kutua, minazi na mapaa ya mabati yakionekana wazi dirishani, injini zilinguruma ghafla na ndege ikapanda tena. Ilizunguka upande wa baharini, ikarudi na kutua salama. Baadaye rubani alitangaza kwamba yeye na mnara wa kuongozea ndege hawakuwa wameelewana kuhusu ndege iliyotutangulia. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa akisoma shahada kwa sauti. Watu waliosomea kazi yao, tena wanaozungumza lugha moja, hukosaje kuelewana? Na je, tulikuwa tumekaribia kufa?
Msafiri, Shela, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Tuanze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalotisha. Kuacha kutua na kupanda tena ni jambo ambalo kila rubani hufunzwa na kulifanyia mazoezi, na hangoji ruhusa ya mtu yeyote kabla ya kulifanya. Ikiwa ndege iliyotangulia ingali kwenye njia ya kurukia, au rubani ana shaka kama amepewa kibali cha kutua, kupanda ndiko kunakotakiwa. Mngurumo uliowatia hofu ulikuwa kinga ikifanya kazi yake, ingawa hatumlaumu mama kwa shahada yake.

Swali la kwanza lina marefu yake. Redio ya marubani na waongozaji wa ndege si kama simu. Anayetaka kusema hubonyeza kitufe, na wengine wote walio kwenye masafa hayo husikiliza mpaka akiachie. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, aghalabu husikika mlio mkali tu na maneno yao hupotea. Kwa sababu hiyo, maagizo muhimu, kama vile kibali cha kutua, namba ya njia ya kurukia au mwinuko wa kushukia, hayaitikiwi kwa "sawa" peke yake. Rubani huyarudia pamoja na jina la ndege yake, naye mwongozaji huyasikiliza marudio hayo na kuyasahihisha papo hapo yakiwa na kosa. Chukua mfano wa Malindi: kusi ikivuma, ndege huweza kuelekezwa njia ya 17, yaani itue ikielekea kusini, na kaskazi ikishika, ielekezwe njia ya 35, ambayo ni lami ile ile kutoka upande wa pili. Rubani aliyeambiwa 17 akarudia 35, na asisahihishwe, huenda akakutana uso kwa uso na mwenzake anayepaa.

Udhaifu wa kanuni hii uko kwenye sikio la pili. Mwongozaji aliyetoa agizo sahihi hutarajia lirudi sahihi, na mtu ni mwepesi wa kusikia analolitarajia. Tarehe 19 Februari 1989, ndege ya mizigo ya Flying Tiger, aina ya Boeing 747, ilikuwa ikikaribia Kuala Lumpur. Mwongozaji aliiagiza ishuke futi 2,400, akizitaja tarakimu moja moja. Kwa Kiingereza, tarakimu ya 2 hutamkwa sawa na neno lenye maana ya "hadi", kwa hivyo marubani walielewa kwamba washuke hadi futi 400. Wakarudia: nne, sifuri, sifuri. Hakuna aliyewakatiza. Ndege iligonga kilima na wote wanne waliokuwemo wakafa.

Ajali iliyoua watu wengi zaidi ilitokea tarehe 27 Machi 1977 katika ukungu wa kisiwa cha Tenerife. Ndege ya KLM ilikuwa imesimama mwanzoni mwa njia ya kurukia, na ya Pan Am ilikuwa ingali ikitembea juu ya njia hiyo hiyo. Mwongozaji aliwasomea KLM mkondo wa kufuata baada ya kupaa, jambo ambalo si kibali cha kupaa. Rubani mwenza aliyarudia maneno hayo, kisha akamalizia kwa kauli ambayo mnarani ilieleweka kuwa wako tayari kupaa, ilhali ndege ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia. Mwongozaji akaitikia, akaongeza kwamba wasubiri. Wakati huo huo Pan Am nao wakasema bado wako njiani. Sauti hizo ziligongana na ndani ya KLM ukasikika mlio. Mhandisi wa ndege hiyo aliuliza kama Pan Am hajaondoka. Nahodha, aliyekuwa mkufunzi mkuu katika kampuni yake, alijibu kwa mkazo kwamba ameondoka, na hapakuwa na aliyeendelea kubisha. Sisi wa pwani, tuliolelewa kutomkatiza mkubwa maneno, tunaweza kuuelewa ukimya ule bila kufafanuliwa. Walikufa watu 583. Baada ya hapo kanuni zilibadilishwa, na neno la Kiingereza la kupaa halitumiwi redioni ila katika kutoa kibali chenyewe au kukifuta.

Upole nao umewahi kuua. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca kutoka Kolombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikingojea kutua New York katika hali mbaya ya hewa. Rubani mwenza aliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanawaishia na kwamba wanaomba kipaumbele, lakini hakutangaza dharura, nao waongozaji wakaichukulia kama ndege nyingine yoyote iliyochoka kungoja. Injini zilizimika na watu 73 kati ya 158 wakafa. Angesema "mayday" mara tatu, kama kanuni inavyotaka, ndege nyingine zingepishwa kando.

SWALI: Waongozaji na marubani wengi wa hapa kwetu ni Wakenya. Kwa nini wasizungumze Kiswahili? Na redio ikizimika kabisa?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Mwalimu, anayesema na mnara hasikilizwi na mnara peke yake. Kila rubani aliye karibu hutega sikio ili ajue nani anashuka na nani anapaa, na akiwa mgeni, Kiswahili kingemwacha gizani. Tangu 2008, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka kipimo cha Kiingereza chenye ngazi 6, na anayerusha ndege nje ya nchi yake hutakiwa kufikia angalau ya 4. Hata tarakimu zina matamshi yake: 9 husemwa "naina" na 5 husemwa "faifu", zisichanganywe.

Redio ikizimika, rubani huweka namba 7600 kwenye kifaa kinachoitambulisha ndege yake kwa rada. Akiukaribia uwanja, mnara humwelekezea taa: kijani isiyokatika ni ruhusa ya kutua, na nyekundu isiyokatika humtaka awapishe wengine na aendelee kuzunguka.