Ploti ya gereji: je, maji ya mkonge yatamaliza oili?

Swali: Nimenunua ploti hapa Nakuru iliyokuwa gereji. Udongo ni mweusi, unanuka oili, hata magugu hayaoti. Jirani ananiambia nikamulie maji ya mkonge, ati ni sabuni ya kuwasaidia bakteria kula oili. Daktari, ni kweli?

Jibu: Jirani yako hakukudanganya, mama, ila amekupa nusu ya habari. Bakteria wanaokula oili wamo tayari udongoni. Shida ni kwamba wanaishi kwenye maji yaliyomo udongoni, na oili haichangamani na maji; imeng'ang'ania chembe za udongo. Wengine, kama Pseudomonas, hujitengenezea sabuni yao, ramnolipidi. Mkonge nao una saponini, sabuni ya asili, ndiyo lile povu la majani yaliyopondwa. Kazi ni moja: kuivunja oili iwe vitone ambavyo bakteria wanaweza kuvifikia.

Hakikisha mwenyewe. Tia maji kwenye sahani pana, dondoshea oili chafu kidogo itandae, kisha tone moja la maji ya mkonge katikati. Oili ikikimbilia kando na kuacha duara safi, dawa yako ina nguvu. Vaa glavu, mkonge unawasha vibaya.

Lakini usimwage ndoo kwa ndoo! Saponini ikizidi huwadhuru bakteria wenyewe, tena ni sumu kwa samaki. Na oili iliyolegezwa hufuata mvua hadi kisimani au ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea.

Mimi ningeanza na samadi na jembe. Oili ni kaboni tele, nitrojeni na fosforasi hamna, na bakteria wanazihitaji zote; sisi hulenga kaboni 100 kwa nitrojeni 10 kwa fosforasi 1. Changanya samadi ya kuku iliyooza, udongo uwe na unyevu wa kushikana ukiufinya bila kuchuruza maji, na uupindue kila wiki upate hewa. Maji ya mkonge, yaliyozimuliwa sana, yajaribu kwenye kipande kimoja tu. Baada ya miezi mitatu, otesha maharagwe kwenye makopo ya udongo wa pande zote mbili, ulinganishe.

Jambo moja mkonge hauliwezi: kama gereji ilikuwepo kabla ya 2006, enzi za petroli yenye risasi, huenda madini hayo yamo, na hakuna bakteria wa kuyala. Hata magugu yakirudi, usipande sukuma wiki hapo kabla udongo haujapimwa maabara.