Mkurugenzi akinunua hisa za kampuni yake ni kosa?

Hapana ndugu, kununua tu si kosa. Kosa ni kununua au kuuza ukiwa na habari nzito ambayo soko bado halijaambiwa. Kumbuka KenolKobil, kampuni ya mafuta ya Kenya, Oktoba 2018: kabla kampuni ya Rubis ya Ufaransa haijatangaza kuinunua kwa shilingi 23 kila hisa, hisa zilianza kugombewa, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ikaja kuzuia akaunti kadhaa. Aliyeumia ni mwekezaji mdogo aliyeuza siku zile kwa bei ya chini, asijue kinachopikwa. Mimi mkurugenzi mmoja akiuza sishtuki, huenda ana nyumba ya kumalizia. Wakiuza watatu kwa mpigo, ndipo nafungua hesabu za kampuni.