Mashine ya pamba ilikuja 1793, mbona watumwa Marekani waliongezeka?

Swali: Nafundisha historia sekondari. Vitabu vyetu vinasema utumwa ulikomeshwa kwa sababu mapinduzi ya viwanda yalileta mashine, na mashine zikafanya watumwa wasiwe na faida. Mwanafunzi mmoja amenibana: mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney ilitokea 1793, lakini watumwa wa Marekani walikuwa kama 700,000 mwaka 1790, na mwaka 1860 wakakaribia milioni 4. Sasa mashine ilimwondoa nani? Pili, mwenye shamba alipataje faida hasa, maana mtumwa naye anakula na kuvaa? Tatu, kufutwa kwa utumwa Marekani tuandike 1863 au 1865?

Jibu: Mwanafunzi ana hoja nzito, Mwalimu, na usimzime. Maelezo ya vitabuni yalitungwa kueleza Uingereza na visiwa vyake vya miwa vya Karibi, na hata huko wanahistoria bado wanayabishania. Ukiyahamishia majimbo ya kusini ya Marekani hayasimami kabisa. Huko mashine ndiyo iliyoupa utumwa nguvu mpya.

Tuanze na pamba yenyewe, maana jibu limo humo. Pamba ya nyuzi ndefu, ambayo mbegu zake hutoka kwa urahisi, ilistawi katika visiwa na ukanda mwembamba wa pwani ya Georgia na South Carolina tu. Bara ilistawi ile ya nyuzi fupi, na mbegu zake zimeng'ang'ania nyuzi kiasi kwamba mtu mmoja kwa mikono alisafisha kama ratili moja tu kwa siku, yaani chini ya nusu kilo. Mashine ya Whitney ilikuwa silinda yenye meno ya waya yaliyopita katikati ya matundu membamba: nyuzi zinavutwa, mbegu inabaki nyuma kwa kuwa haipenyi, kisha brashi inazipangua nyuzi kutoka kwenye meno. Mtu aliyezungusha mashine ndogo ya mkono aliweza kusafisha ratili 50 kwa siku.

Lakini kuchambua ni hatua moja tu. Kulima, kupanda, kupalilia na kuchuma vilibaki vya mikono na jembe la kukokotwa na nyumbu. Kizingiti kilichokuwa kwenye kuchambua kikaondoka, kikahamia kwenye kuchuma. Na kuchuma hakukuwa na njia ya mkato: vitumba vya pamba havifunguki kwa pamoja, kwa hiyo mstari uleule hupitiwa mara kadhaa katika msimu, na kifaa chochote cha kukwangua mmea mzima kingeng'oa na vile vibichi. Mashine ya kuchuma iliyofaa haikuingia sokoni hadi miaka ya 1940. Kwa karibu karne moja na nusu, kila aliyetaka pamba zaidi alihitaji mikono zaidi.

Mwambie mwanafunzi apige hesabu mwenyewe. Robota moja la pamba safi lilikuwa na uzito wa ratili 400 hivi, karibu kilo 180. Kulipata kulihitaji ratili 1,200 au zaidi za pamba yenye mbegu. Mchumaji anayefikisha ratili 150 kwa siku atatumia siku nane au zaidi kwa robota moja, na hapo hatujahesabu kupanda mwezi wa nne, kupunguza miche na palizi ya miezi miwili mitatu. Uchumaji ulianza karibu na mwezi wa nane na mara nyingi ulivuka mwaka. Jioni kila kapu lilipimwa kwenye mizani na uzito ukaandikwa kwenye daftari la mnyapara, aliyepungukiwa alichapwa. Kati ya 1800 na 1860 kiasi anachochuma mtu mmoja kwa siku kilipanda mara kadhaa. Wapo wanaosema ni mjeledi, wapo wanaosema ni mbegu bora zenye asili ya Mexico zilizoenea bonde la Mississippi kuanzia miaka ya 1820, ambazo vitumba vyake ni vikubwa na rahisi kuchuma. Kwa maoni yangu mbegu inaeleza sehemu kubwa ya ongezeko, lakini mbegu haimfanyi mtu ainame shambani mpaka giza liingie bila ujira.

Matokeo yake: mwaka 1790 Marekani ilivuna kama marobota 3,000, kufikia 1860 yalikuwa takriban milioni 4. Pamba ikawa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ilizouza nje, na viwanda vya Uingereza vikategemea kusini mwa Marekani kwa zaidi ya robo tatu ya pamba yao. Hivyo mashine za Lancashire, eneo la viwanda vya nguo Uingereza, zilezile zinazosemwa vitabuni kwamba ziliua utumwa, ndizo zilizokuwa zikiununulia chakula upande wa pili wa bahari.

Pwani yetu iliuonja mnyororo huo pia. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar shehena za kitambaa cheupe kisichopaushwa, kile tunachokiita marekani hadi leo, wakaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Kitambaa kile kilifumwa kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya kaskazini na kusini mwa Marekani vilipozuka 1861 na pamba ikaadimika, kitambaa cha Kiingereza na cha Kihindi kilipata nafasi yake sokoni.

Sasa, watumwa hao karibu milioni 4 walitoka wapi ikiwa Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje kuanzia 1 Januari 1808? Hapa ndipo asili ya jambo inapohusika. Waafrika kama ishirini na kitu walishushwa Point Comfort, Virginia, Agosti 1619, baada ya kuporwa kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda. Wakati ule hapakuwa na sheria iliyokamilika ya utumwa, na mashamba ya tumbaku yalitegemea zaidi vibarua Wazungu wa mkataba wa miaka kadhaa. Sheria ilijengwa kidogokidogo, na kifungu kilichobeba uzito wote kilipitishwa na Virginia mwaka 1662: mtoto hufuata hali ya mama yake. Sheria ya Uingereza ilimfuatisha mtoto kwa baba. Kwa kugeuza hilo, bwana aliyezaa na mtumwa wake hakupata mrithi, alipata mali. Mwaka 1667 wakaongeza kwamba ubatizo hauondoi utumwa, na mlango wa dini ukafungwa.

Ndiyo maana Afrika ilipeleka moja kwa moja Amerika ya Kaskazini watu wasiofika 400,000 kati ya zaidi ya milioni 10 waliofika hai ng'ambo ya Atlantiki, na bado idadi ikafikia 3,953,760 katika sensa ya 1860. Kwenye miwa ya Karibi na Brazil watu walikufa haraka kuliko walivyozaliwa, wakalazimika kununuliwa wapya kila mwaka. Marekani waliongezeka kwa kuzaliwa. Marufuku ya 1808 kwa hiyo haikumuumiza kila bwana; wale wa Virginia na Maryland, ambako tumbaku ilikuwa imechosha ardhi, ilipandisha bei ya watu waliokuwa nao. Kati ya 1790 na 1860 watu kama milioni moja walihamishwa kutoka majimbo hayo ya zamani kwenda Alabama, Mississippi, Louisiana na baadaye Texas, wengine wakiongozana na mabwana waliohama, wengi wakiuzwa. Walisafirishwa kwa miguu wakiwa wamefungwa minyororo wawiliwawili, au kwa meli hadi soko la New Orleans. Ardhi waliyopelekwa kuilima ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa wenyeji wa asili, Wachoctaw, Wacreek na wenzao, hasa baada ya sheria ya kuwaondoa ya 1830.

Swali lako la faida. Kosa la kawaida ni kuhesabu mazao ukatoa chakula na nguo, basi. Mwenye shamba alihesabu zaidi ya hayo. Kulikuwa na pamba, ndiyo. Kulikuwa na watoto wanaozaliwa, ambao thamani yao iliandikwa kwenye daftari wakiwa bado wachanga. Kulikuwa na kukodisha: mtumwa fundi au mpishi angeweza kukodishwa kwa mwaka mzima, na mikataba hiyo ilianza Januari mosi, siku ambayo familia nyingi ziliiogopa. Kulikuwa pia na kupanda kwa bei yenyewe: kijana wa kiume mwenye nguvu aliuzwa New Orleans kwa kama dola 500 mwanzoni mwa karne, na mwaka 1860 kwa kama dola 1,800.

Tena mtumwa alikuwa dhamana ya mkopo, na hili ndilo wanafunzi hulikosa kabisa. Ardhi haihamishiki, lakini mtu anauzika mnadani wakati wowote, kwa hiyo benki zilimpenda kama rehani. Louisiana ilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1820 benki ya wenye mashamba ambayo wanachama waliweka mashamba na watumwa rehani. Jimbo likadhamini hati fungani, na hati zikauzwa London. Kwa njia hiyo Mwingereza ambaye nchi yake ilifuta utumwa katika makoloni mwaka 1833 aliweza kupokea riba iliyosimama juu ya miili ya watumwa wa Louisiana. Mwaka 2005 benki kubwa ya Marekani, JPMorgan Chase, ilikiri kwamba benki mbili za huko zilizokuja kumezwa nayo zilipokea watumwa wapatao 13,000 kama dhamana.

Mfumo huo ulikuwa na udhaifu wake. Mwenye shamba alikopa kwa wakala wake wa bandarini msimu kabla ya mavuno, akalipa kamisheni na riba, na kila senti ilitegemea bei ya pamba ya Liverpool, bandari ya Uingereza. Bei ilipoanguka katika msukosuko wa 1837 benki zilifilisika na mali zikakamatwa. Mali zilizokuwa rahisi kugawanywa ni watu: mume kwa mdai huyu, watoto kwa yule.

Kwa ujumla thamani ya watumwa mwaka 1860 inakadiriwa kuwa dola bilioni 3 hadi 3.5, zaidi ya reli na viwanda vyote vya nchi vikijumlishwa. Takwimu hii ndiyo inayopaswa kumaliza ubishi wa "utumwa ulikuwa unakufa wenyewe". Kitu kinachokufa bei yake haipandi. Pia inaeleza kwa nini fidia haikuwezekana. Uingereza ililipa mabwana pauni milioni 20 kwa watu kama 800,000. Marekani ilikuwa na watu mara tano ya hao. Rais Lincoln alijaribu kulipendekeza hilo kwa Delaware, jimbo lenye watumwa 1,798 tu, likakataa. Na kilichoyafanya majimbo ya kusini yajitenge, kuanzia South Carolina tarehe 20 Desemba 1860, ni chama cha Lincoln kuahidi kuzuia utumwa usienee kwenye maeneo mapya ya magharibi. Kuufuta ule uliokuwepo tayari hakukuwa hata kwenye ahadi zake za uchaguzi. Lakini kwa mali ambayo bei yake inategemea ardhi mpya, kuizuia isienee ni kuishusha thamani.

Tarehe sasa. Majimbo ya kaskazini yalianza mapema na kwa mwendo wa kobe: sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilimwacha huru mtoto aliyezaliwa baada yake, ila atumikie hadi miaka 28; New York ilimaliza 4 Julai 1827. Katika vita, mlango ulifunguliwa na watumwa wenyewe. Mei 1861 wanaume watatu walitorokea Fort Monroe, ngome ya jeshi la kaskazini huko Virginia, na Jenerali Butler aliyeiongoza akakataa kuwarudisha kwa hoja kwamba ni mali ya adui iliyotumika vitani. Maelfu wakafuata. Ngome hiyo, ikiwa utapenda kuwaambia wanafunzi, imesimama Point Comfort palepale.

Tangazo la Ukombozi la 1 Januari 1863 lilikuwa amri ya kijeshi. Liligusa maeneo yaliyokuwa bado kwenye uasi tu. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri hazikuguswa, wala Tennessee, wala sehemu za Louisiana na Virginia zilizokwisha kutekwa. Hata hivyo usilidharau: lilifungua jeshi kwa Weusi, na karibu 180,000 walijiunga. Texas, iliyokuwa mbali na majeshi, habari ilisomwa rasmi Galveston tarehe 19 Juni 1865, ndiyo sikukuu ya Juneteenth. Kisheria na kwa nchi nzima, utumwa ulifutwa na Marekebisho ya 13 ya Katiba: Baraza la Wawakilishi lilipitisha 31 Januari 1865 kwa kura 119 dhidi ya 56, idadi ya majimbo iliyotakiwa kuyaridhia ikatimia 6 Desemba, yakatangazwa 18 Desemba. Kentucky na Delaware ziliwaachia watu wao hapo tu, kwa kulazimishwa.

Kwenye kusahihisha mtihani, 1865 ndilo jibu. Aliyeandika 1863 mpe alama akieleza mipaka ya Tangazo, mnyime akiandika kwamba Lincoln aliwaachia wote siku ile. Na aliye makini muulize kifungu cha Marekebisho chenyewe kinasemaje: utumwa ni marufuku "isipokuwa kama adhabu ya kosa". Majimbo ya kusini yalikisoma vizuri. Yakatunga sheria za uzururaji, yakawakamata Weusi wasio na mwajiri, yakawakodisha kwa wenye mashamba na migodi. Alabama, ya mwisho kuacha kuwakodisha wafungwa, iliacha mwaka 1928.