Mita za dashibodi zinazima hadi nizigonge: nifunge nyingine?

Swali: Fundi, habari za kazi. Gari langu limepita miaka 15. Kwa miezi miwili sasa, nikikanyaga shimo mita zote za dashibodi zinazima. Nikigonga juu ya dashibodi kwa kiganja zinawaka tena. Mshale wa spidi nao huwa unaganda kwenye 40 hata nikiwa nimesimama. Nimeshauriwa nitafute mita zilizotumika nifunge. Nina maltimita na pasi ya lehemu, na nimewahi kutengeneza redio. Naweza kujaribu mwenyewe?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Unaweza, na kiganja chako kimeshafanya nusu ya uchunguzi. Kinachozima kwa mtikisiko na kurudi kwa kugongwa karibu kila mara ni muunganiko uliolegea: pini ya soketi, waya wa eathi, au lehemu iliyopasuka kwenye bodi. Sensa mbovu haiponi kwa kugongewa dashibodi.

Huo mshale wa 40 usikutishe. Kwenye magari mengi ya rika hilo, mishale huzungushwa na stepa mota, yaani mota ndogo inayozunguka kwa hatua fupifupi, isiyo na springi ya kuurudisha sifuri. Umeme ukikatika, mshale unabaki palepale ulipokuwa. Kwa hiyo angalia: je, unaganda wakati uleule taa zinapozima? Kama ndivyo, ni ugonjwa mmoja, mota yako ni nzima. Ukiganda peke yake huku taa na mishale mingine vikifanya kazi, hapo ndipo mota inashukiwa.

Ushauri wa kufunga mita nyingine siuungi mkono. Kilomita za gari mara nyingi huhifadhiwa kwenye chipu ya kumbukumbu ndani ya mita hizo, kwa hiyo utabeba kilomita za gari la mtu mwingine, na utakapouza utakuwa unamdanganya mnunuzi. Tena kwenye magari kadhaa imobilaiza, yaani mfumo wa kuzuia gari lisiibwe, imo humohumo. Ukifunga mita ngeni, injini inakataa kuwaka.

Kabla ya kufungua chochote, pima betri. Injini ikiwa imezimwa tarajia volti 12.4 hadi 12.7, ikiunguruma 13.5 hadi 14.5 hivi. Kagua fyuzi ya mita. Kisha zima swichi, toa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika 10 kabla ya kugusa sehemu ya usukani, kwa sababu saketi ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea) hubaki na chaji. Soketi za rangi ya njano usizichezee kabisa.

Fungua skrubu, vuta mita mbele kidogo bila kuchomoa soketi, rudisha betri, washa swichi. Sasa tikisa waya taratibu. Zikizima, tatizo liko kwenye soketi au eathi, na huenda ukamaliza kazi kwa kusafisha na kukaza pini. Zikitulia, bonyeza mgongo wa mita kwa kidole. Zikizima hapo, ufa uko ndani. Jaribio hili la dakika mbili limeniokolea kazi nyingi za bure, usiliruke.

Ukiwa na uhakika ni ndani, zima swichi, toa betri tena, chomoa mita na upeleke mezani. Mita nyingi hufunguka kwa nyuma, na pini za soketi zinaonekana bila kugusa mishale. Tumia kioo cha kukuzia na taa ya pembeni. Unatafuta duara jembamba jeusi kuzunguka pini, kama ufa wa kikombe. Usiongeze lehemu juu ya ile iliyopasuka. Inyonye, paka flaksi (dawa inayosaidia lehemu kushika), weka mpya. Pasi kwenye nyuzi 350, sekunde mbili au tatu kwa pini, vinginevyo njia ya shaba itabanduka. Safisha kwa spiriti ya isopropili. Pitia pini zote, hata zinazoonekana nzima, maana zimetikiswa miaka ileile. Chipu ndogo ya miguu minane iache kama ilivyo. Mara nyingi ndiyo inayobeba kilomita.

Kama ni mota, pima koili zake mbili. Aina ya X27.168, iliyoenea sana, husoma kama ohmu 280 kila koili. Zikitofautiana mno, au moja ikiwa imekatika, badilisha mota. Kabla ya kung'oa mshale, piga picha na uweke alama ya utepe pale unapopumzika. Unyanyue wima kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Ukiupinda, ekseli inavunjika.

Usiwashe swichi huku mita zimechomolewa. Taa ya eabegi inaweza kubaki inawaka mpaka kosa lifutwe kwa mashine ya kusomea. Baada ya kurudisha, hakikisha taa za oili na eabegi zinawaka swichi ikiwashwa, kisha zinazima injini ikishawaka. Kama uling'oa mshale wa spidi, mpe mtu wa pembeni simu yenye GPS alinganishe mkiwa barabara iliyonyooka. Mita kuonyesha juu kidogo ya GPS ni kawaida. Ikionyesha chini, mshale haujakaa mahali pake: ung'oe uupange upya kabla ya kuendesha tena.